Vumbi la Betri

Shoga, mbona hupokei simu? Haya, naandika.

Tumetoka hospitali na dada. Majibu ya mtoto wake yametoka. Ule uzito wa kuongea na kuanguka ovyo ni sumu. Ana madini ya risasi kwenye damu!

Daktari kamuuliza dada, "Nyumbani kuna anayefanya kazi na betri za magari?"

Dada kajibu kwa fahari kabisa, "Baba yake. Anapasua betri chakavu kiwandani."

"Anarudi na nguo za kazi?"

Shoga, anarudi nazo. Zimejaa vumbi la hiyo risasi ya betri, na dada anazifua beseni moja na za mtoto. Njia nzima alikuwa anarudia tu: "Beseni moja. Beseni moja."

Dawa ipo, ila daktari hakuahidi kwamba mtoto ataongea kama wenzake.

Sasa sikia. Shemeji karudi kutoka kazini, mtoto akamkimbilia. Dada akapiga ukelele, "Usimshike!"

Shemeji akaganda mlangoni, mikono juu kama mwizi. "Nimefanya nini?" Akauliza tena, taratibu, "Mke wangu, nimefanya nini?"

Dada akamwambia.

Shoga, yule baba alivua nguo palepale uani, mbele yangu mimi shemeji yake, bila hata kuniona. Akajimwagia ndoo nzima, akaanza kujisugua. Mtoto kafungiwa ndani na dada, anagonga mlango, anacheka, anadhani ni mchezo.

Maji yameshakwisha. Bado anajisugua.