Majani ya Miye na Mama Mukwe

Marc! Leo nimepata haya, haya ya kweli!

Mwaka huu kapita, musimamizi wa kazi, alinigawia kipande cha barabara cha kulima majani, karibu na cha mama mukwe. Karibu! Na weye unajua, kwetu mutu hakutanake na mama mukwe wake. Miye nikimuona, naacha jembe, nakimbia. Yeye vile vile. Mwaka muzima pale katikati hakuna mwenye alilima. Majani inapita kichwa!

Leo muzungu wa Bulamatari, wa serikali, anashuka mu motokari: "Majani hii iko ya nani?"

Ya nani! Ile saa mama mukwe njo huyu anatokea na kitunga. Nikaruka mu majani.

Na yeye akaruka mu majani.

Majani ile ile, Marc!

Uso kwa uso. Tangu nioe binti yake Augustine, njo neno lake la kwanza kwangu: "Kesho lete jembe."