Kiti cha Mjukuu Wangu

Mwenzangu, nimemuumbua mwanangu mbele ya wakwe zake.

Mjukuu wangu anayetembea kwa magongo amepata chuo cha umeme, kwenye zile nafasi ambazo sheria imewatengea walemavu. Tulikuwa mezani tukimpongeza. Baba yake mdogo, yule mwanangu mhandisi, akatupa kijiko. "Huko ni kubebwa! Serikali inagawa viti kama peremende. Wenye akili wakakae wapi?"

Kubebwa! Mtoto akasukuma sahani. "Bibi, basi siendi." Mama mkwe wa mwanangu akamrudishia sahani taratibu, Mungu ambariki.

Nikasema, "Baba, tulia." Ndiyo kwanza akazidi: "Mimi nilipanda kwa jasho langu!"

Jasho! Wewe unajua. Nikamwambia, "Ulifeli usaili wa kazi mara mbili. Mjomba wako ndiye aliyempigia simu mkurugenzi. Na mimi ndiye niliyemlilia mpaka akapiga."

Akavaa viatu. "Mama, usinitafute tena."

Sikumfuata. Nilikaa na mtoto mpaka akajaza fomu ya kukubali nafasi, yote.

Usiache kuniandikia, mwenzangu. Nikibaki peke yangu na hii simu, nitampigia kumwomba radhi.