Pointi za Baba Mkwe

Shoga, nimejifungia chooni kwa wakwe. Nimemuumbua baba mkwe mbele ya ukoo mzima!

Si unaijua ile fainali yake ya kikapu, enzi zake akicheza ligi ya kulipwa? Eti timu yao ilifunga pointi mia na thelathini, arobaini zake peke yake?

Mimi na kiherehere changu nikatafuta takwimu za mechi ile, nikazitia kwenye fremu, nikampa leo kwenye sherehe yake ya kustaafu. Bila kuzisoma!

Wifi akazisoma kwa sauti. Baba mkwe, pointi mbili. MBILI, shoga! Na pasi za kufungisha kumi na tisa. Zile arobaini ni za nahodha wao.

Mzee macho kwenye sahani.

Mama mkwe akasema, "Nilikuwepo uwanjani, nilijua siku zote. Huyo nahodha alinichumbia kwanza, nikamkataa. Alikuwa hampasii mtu mpira."

Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

Shoga, yamekwisha wapi! Habari ya pointi imekufa. Mzee kamfuata mkewe jikoni, fremu kwapani, namsikia hadi huku: "Alikuchumbia LINI?"