Pilipili Amepelekwa Nyaramba

Nyamusi, mama amempa mtu wa boda paka wangu akamtupe Nyaramba. Ndani ya gunia!

Asubuhi Mama Mokeira, jirani yetu, alikuja tena kulilia vifaranga vyake. "Fungeni huyo paka!" Nikamjibu, unaujua mdomo wangu: paka si mbuzi, hafungwi kamba, ana haki ya kutembea.

Mama, aliyesikia yote, akanituma sokoni. Nimerudi, Pilipili hayuko. "Si ulisema atembee?"

Gunia, Nyamusi! Eti asijue njia ya kurudi.

Nimempigia Onchiri, huyo wa boda. "Sista, nilifungua tu, akaingia kwenye shamba la majani chai. Hata hakuangalia nyuma."

Sasa nikasimame wapi nimwite? Huko kote ni majani chai.