Kambale Waliyemgombania Babu Zako

Mjukuu wangu Salumu,

Salamu nyingi kutoka Mtunda. Sote wazima, mpunga umechipua. Usicheke: bibi yako ni mimi kwa ukoo, ingawa chuo cha Kurani nimehitimu juzi.

Umeuliza kwa nini babu zako, kaka zangu wawili, wameninunia. Habari za vita siziandiki. Ila siku moja tulijificha matetini kando ya ziwa, askari wa Mdachi wakipita njiani. Kaka zangu wakatupa ndoano, eti wajiliwaze! Kambale akanasa, mishipi yao ikasokotana.

“Wangu huyo!”

“Wako? Ndoano yako huvua majani tu!”

Nikanong'ona, “Kaka zangu, nyamazeni.” Sauti yangu unaijua ilivyo ndogo, hawakusikia. Nikaikata mishipi yote miwili kwa meno, kambale akaenda zake. Wakaduwaa kimya, askari wakapita.

Tuko hai, lakini shukrani sijapata. Nasikia habari za kambale tu, na kila jioni anazidi kurefuka.

Bibi yako mchanga,
Mwanaidi