Nimemkuta Baba Mkwe Kwenye Data ya Wagonjwa

Mama Drusilla mpendwa, nakuomba unishike mkono kabla ya Jumatano, maana siku hiyo narudi mara ya pili kwa mahojiano ya kazi ya kuchambua data katika kampuni moja ya afya hapa Kisii mjini, na nisipoipata nimekwisha, kwa sababu baba yake Purity, mchumba wangu, amekataza wazee wetu kukanyaga kwake kuzungumza mahari mpaka nipate kazi ya kueleweka, aliniuliza mbele ya watu, "Kijana, wewe utamlisha binti yangu kompyuta?" Sasa kampuni ilinipa jaribio la kufanyia nyumbani, data ya wagonjwa wa kliniki yao, majina yameondolewa, nitafute ni kwa nini wengi wakitibiwa mara moja hawarudi, nikawa naenda vizuri tu hadi nikafika kwa mwanamume wa miaka sitini na tatu, mwalimu wa kwaya mstaafu, wa Birongo, anaugua jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba, ameambiwa aache nyama choma na bia, na mama, Birongo nzima mwalimu wa kwaya mstaafu ni mmoja, ni huyo huyo baba mkwe, nimwite Mzee Abner ili nimfichie aibu, mzee wa kanisa anayetuhubiria kila Sabato tule mboga, na huo mguu anaochechemea alituambia aliangukiwa na jembe. Nilicheka mpaka mama yangu akaja kuuliza kama niko mzima. Sasa najiuliza, nikimnong'oneza siku ya mahari si atapunguza ng'ombe, au nimwambie Purity, au ninyamaze, na lile swali la kwa nini wagonjwa hawarudi bado limenishinda.

Mkwe Mtarajiwa, Manga

Mkwe Mtarajiwa, pole, kisha funga mdomo. Mimi pia nimecheka, na nimeshatubu. Huyo mzee alivua kiatu mbele ya daktari, hakukivua mbele yako. Ukimnong'oneza utapunguziwa ng'ombe kweli, halafu maisha yako yote atakutazama kwa jicho la pembeni, na Purity akijua atakuuliza ya kwake unayajua mangapi. Basi usimwambie yeye wala mama yako, na ukimaliza jaribio hiyo data uifute. Ng'ombe watakaotajwa, lipeni. Siku hiyo mumpakulie mzee mboga ya chinsaga kwa wingi, aonje mahubiri yake.

Jumatano usianze na michoro yako ya rangi rangi. Waambie, "Mlitoa majina, lakini nimemtambua mtu." Usimtaje hata wakikubembeleza. Wakiwa na akili wataona wamepata mfanyakazi, wakikasirika waachie kazi yao.

Na wewe nawe, eti Mzee Abner. Uliandika kijiji, kazi na ugonjwa, ukabadilisha jina tu, ukaridhika. Nilimjua kabla sijafika katikati ya barua, kanisani tunakaa safu moja. Hiyo Birongo, hiyo kwaya na hicho kidole gumba nimeviweka mimi kabla ya kuichapisha barua yako, si vyake. Ulichoandika wewe nimekichoma jikoni.

Sasa jibu la swali lao unalo. Watu hawarudi kliniki kwa sababu wanaogopa watu kama sisi wawili.