Mguu Niliopewa na Serikali

Dar es Salaam, Jumatano

Mke wangu mpenzi, yaani Bibi, shikamoo.

Tanzania nzima, kuanzia kwetu Mlola mpaka huku baharini, hakuna anayekimbia kama mimi kwa mguu mmoja na nusu, na wenye miguu miwili wanalijua hilo ila wanaona haya kusema. Nilipopita mbele ya bwana wa wizarani kiwanjani, alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka.

Hujambo lakini? Na goti lako na baridi hiyo? Nakuandikia herufi kubwa usome mwenyewe, maana nasikia kisomo cha watu wazima kimekupa kiburi, unasahihisha hata wajukuu.

Sisi wanariadha walemavu Serikali imetuweka kambini kama maharusi. Tuna chai na mkate, shuka mbili mbili, mwalimu wa mbio. Mimi nikapewa na mguu wa bandia, wa mbao na ngozi, unaoshikwa kwa mikanda juu ya goti. Ungeniona ungetaka tufunge ndoa upya. Bwana wa wizarani kasema watakaochaguliwa watapanda ndege kwenda kushindana nje, na kwenye orodha yake jina langu lilikuwa la kwanza.

Nilikuwa chumba kimoja na Shemdoe, kijana wa Bungu, naye kakatwa mguu kama mimi. Mguu wake wa bandia ukamchubua, akamwonyesha nesi. Asubuhi yake gari likaja, akaambiwa abebe shuka zake. Mguu ukabaki umesimama pembeni ya kitanda, kiatu kimefungwa kamba. Alikopelekwa hatukuambiwa. Kila nikiamka nauona umesimama tu.

Nikasema moyoni, mimi hawanipati.

Kila Jumatatu nesi hupita kutukagua.

"Athumani, fungua nione."

"Dada, mguu wa mume wa mtu haufunguliwi hovyo. Mke wangu yuko Mlola, ana wivu na ana jembe."

Wenzangu hucheka, naye hucheka, anapita. Jumatatu tatu.

Halafu inzi wakanijua. Mezani wanaacha uji wa watu wananifuata mimi. Kijana wa kitanda cha pili akasogeza godoro lake mpaka mlangoni. Nikamuuliza, "Unaogopa nitakushinda hata usingizini?"

Hakucheka. "Athumani, unanuka."

Juzi nikaanguka mazoezini, hatua chache kabla ya utepe. Mwalimu alifungua mikanda mwenyewe, soksi ikatoka na ngozi, chini yake nyama imekuwa nyeusi. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Sasa nipo hospitali. Ijumaa watakata tena, juu ya goti. Nikamuuliza daktari, je, ule weusi ukiwa umeshapita hapo? Akanifunika shuka, akaenda.

Leo kaja Shemdoe. Kanenepa! Kumbe gari lile lilimleta hospitali hii hii, Serikali ikamtibu mpaka akapona, na mguu wake karudishiwa. Atakwenda yeye badala yangu.

Nisalimie Baba Mdogo wa duka la ushirika, Shangazi muuza peasi, na mwalimu wako wa kisomo, ila hapa chini asikusaidie. Soma peke yako.

Mama nimemwandikia kwamba mguu wa Serikali ulikuwa mbovu. Si kweli, Bibi. Ulinikaa vizuri. Kidonda kilianza kidogo kama punje ya mahindi, nikakiona siku ile ile, nikakivalisha soksi. Nesi alitaka kuona. Mimi nikamchekesha.

Mumeo mdogo,
Athumani